Likizo ya Kuazima: Kukisoma Kitabu cha Mtihani wa Kiingereza Kama Hadithi

Kitabu ninachotaka kukichambua hakina jalada. Lilichanika kabla hakijafika mikononi mwangu. Ni fotokopi ya fotokopi, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa magunia, na karibu kila zoezi limeshajibiwa kwa penseli na watu waliopita: mmoja kajibu, mwingine kafuta, wa tatu kaandika juu yake. Ni kitabu cha kujiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza ambao vyuo vingi vya Uingereza, Canada, Australia na kwingineko vinautaka kabla havijakupokea. Hapa Kakuma, jioni mbili kila wiki, nakaa na vijana kumi na kitu chini ya taa ya sola, na kitabu hicho kinazunguka kutoka mkono hadi mkono.

Wenzangu wameshachambua riwaya na nyimbo katika jarida hili. Mimi naomba nichambue hiki. Sidhani kuna riwaya ambayo vijana wa hapa wameisoma kwa hofu na matumaini kama wanavyosoma kurasa hizi. Basi na kiulizwe maswali yale yale tunayoiuliza hadithi: mhusika wake ni nani? Anaishi wapi? Na anatufanya nini sisi tunaomsoma?

Kwa ambaye hajaufanya mtihani huo, niseme kwa kifupi. Una sehemu nne. Kusikiliza ni kama dakika 30, maswali 40, na sauti unaisikia mara moja tu. Kusoma ni dakika 60, makala tatu ndefu, maswali 40 tena. Kuandika ni dakika 60: kwanza unaeleza grafu, jedwali, mchoro au ramani kwa maneno yasiyopungua 150, halafu unaandika insha ya maneno yasiyopungua 250. Kusema ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini peke yenu, na mnarekodiwa. Alama zinaanzia 0 mpaka 9 na zinapanda kwa nusu nusu. Nusu hiyo ikumbuke, nitairudia.

Mhusika asiye na jina

Ukisoma kitabu hiki kurasa mia utamjua mhusika wake, hata kama kila zoezi linambadilisha jina. Anapiga simu kuuliza chumba cha kupanga karibu na chuo. Anajiandikisha kwenye klabu ya mazoezi na kuuliza kama kuna punguzo kwa wanafunzi. Amepoteza mkoba na anaeleza rangi yake kwa karani. Wikendi anatembelea jumba la makumbusho. Ukimwuliza anapenda kufanya nini akiwa na nafasi, ana jibu. Ukimwuliza nyumbani ni wapi, anataja mji na kuendelea na swali linalofuata.

Kanda za kusikiliza hatuna, zilipotea zamani. Kwa hiyo mimi na mwenzangu tunasoma yale maandishi yaliyo nyuma ya kitabu. Yeye huwa mteja, mimi huwa karani wa hoteli: karani wa hoteli ya Uingereza mwenye lafudhi ya Uvira. Vijana wanacheka mpaka machozi. Lakini nyuma ya kicheko kuna tatizo, maana kwenye mtihani wenyewe watasikia sauti za Waingereza, Waaustralia na wengine, na hakuna atakayewarudilia.

Huyu mhusika si mtu mbaya. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwamba kitabu kinamchukulia kuwa ndiye msomaji. Hakisemi popote kwamba wewe usiye kama yeye huruhusiwi. Kinanyamaza tu, na mtu anayesoma peke yake usiku anajaza ukimya ule mwenyewe: kumbe ili nijue Kiingereza inabidi kwanza niwe na likizo.

Jinsi nilivyofundisha uongo

Hapa inabidi nijichambue na mimi.

Nilimaliza sekondari hapa hapa kambini. Miaka minne masomo karibu yote kwa Kiingereza, KCSE kwa Kiingereza, nikadhani inatosha. Chuo nilichoomba kikasema hapana, leta cheti cha lugha. Nikajiandaa kwa njia niliyoifahamu, yaani kukariri. Nilikuwa na utangulizi wa insha unaoingia kwenye swali lolote, kama funguo ya kufungulia kila kufuli. Siku ya mtihani nikaumwaga wote, mistari mitano, kabla hata sijalielewa swali. Matokeo yalipotoka: kusikiliza 6.5, kusoma 7, kusema 6.5, kuandika 5.5. Jumla ilikuwa 6.5, ile ile waliyoitaka. Ila walitaka pia kusiwe na sehemu iliyo chini ya 6. Nusu alama. Nafasi ikapita.

Sasa mtu aliyeanguka kwa kukariri utafikiri atawaonya wengine. Mimi nilifanya kinyume. Nilidhani kosa langu ni kukariri kidogo. Nikawapa vijana vitu vya kukariri vilivyo bora zaidi. Kwa sehemu ya kusema niliwaandikia likizo: ufukwe wa Mombasa, maji ya samawati, mchanga mweupe, samaki wa kukaanga, na rafiki mzuri wa kusafiri naye. Kila mtu akainakili kwenye daftari. Wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Na mimi pia sijaiona.

Siku moja tulifanya mtihani wa majaribio. Katika sehemu ya pili ya kusema unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kufikiri, kisha unaongea dakika moja hadi mbili. Kadi ilisema: eleza safari unayoikumbuka. Dada mmoja, tena mmoja wa wale hodari, akatoa ufukwe wote bila kukwama. Nikafurahi. Sehemu ya tatu ikafika, pale mtahini anauliza maswali mapana zaidi juu ya mada ile ile. Nikamwuliza kwa nini watu wengine hupenda kusafiri mbali na kwao. Akanyamaza. Nikasubiri. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu:

“Mwalimu, hapo nijibu kama mimi au kama yule wa ufukweni?”

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikatafuta kitu ambacho ningepaswa kukisoma tangu mwanzo: jedwali la alama. Wenye mtihani wamelitoa hadharani, na ni bure. Kwa upande wa kusema lina mambo manne: unavyotiririka na kupanga mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Kwa upande wa kuandika yako manne pia: kujibu swali lenyewe, mpangilio, msamiati, na sarufi. Hakuna mahali palipoandikwa likizo. Hakuna bahari. Na mtahini anafundishwa kuyatambua majibu ya kukariri, na yanakushusha.

Kwa hiyo, kama mchambuzi, nasema hivi: jedwali la alama ni andiko la haki zaidi kuliko kitabu cha mazoezi. Kitabu kinakuonyesha mtu wa kuiga. Jedwali linauliza tu: unaweza kusema unachokusudia, ukaeleweka? Tulikosea kumwabudu wa kwanza na kutomsoma wa pili.

Usaili na mtihani

Baada ya hapo nikaenda upande wa pili, na nako nikakosea. Nikawaambia vijana, basi semeni ukweli. Kadi ile ile ya safari. Kaka mmoja akasimama akaeleza kuvuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi, yeye na mama yake na wadogo zake. Sarufi ilivunjika, wakati uliopita ukamponyoka, lakini hakusimama. Dakika mbili zikapita, tatu, nne. Hakuna aliyethubutu kumkata. Nilipolifuata jedwali, alama ya kutiririka ilikuwa juu kuliko siku zote. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake. Rafiki yake akaniambia: “Mwalimu, tangu siku ile halali.”

Ndipo nikaelewa kitu ambacho wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa wanaweza kukipima wenyewe. Kuna hadithi moja ambayo karibu kila mtu mzima hapa ameisimulia mbele ya meza: hadithi ya usaili. Kwa mkalimani au bila mkalimani, umeulizwa ulitoka wapi, tarehe gani, na nani, mlipita njia ipi. Tarehe zikigongana na zile za mwaka juzi, una shida. Sasa mchukue mtu huyo umweke chumbani na mgeni mwenye karatasi na kinasa sauti. Swali la kwanza kwenye mtihani wa kusema mara nyingi ni la kirahisi, la kumtuliza mtu: nyumbani, familia, masomo. Kwa yule mhusika wa kitabu hilo ni swali la kupasha koo moto. Kwa mtu wa hapa ndilo swali zito kuliko yote, na mwili wake unalijua. Nimeona vijana wanaojua Kiingereza vizuri wakianza kuhesabu tarehe kichwani kabla ya kujibu wanaishi wapi.

Basi tulikuwa na maisha mawili tu ya kusema kwa Kiingereza. Moja ni la kuazima, likizo ya mtu mwingine. La pili ni letu kweli, lakini ni kidonda, na hakuna chuo chenye haki ya kututaka tukifungue ili tupate nusu alama. Tatizo ni kwamba kati ya hayo mawili hatukuwa na kitu.

Maisha ya katikati

Lakini mbona tunaishi hapo katikati kila siku? Kwenye foleni ya maji. Kwenye ligi ya mpira ambapo refa anatishiwa na wamama. Kwenye kibanda cha kuchajia simu. Hayo tunayasema kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru, kwa Kirundi, kwa Kisomali, kwa Kiarabu cha Juba, na tunayasema kwa ufundi. Kwa Kiingereza hatujawahi kuyasema, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza kwa Kiingereza. Kiingereza cha shule kilikuwa cha kujibu mtihani. Kiingereza cha ofisi kilikuwa cha shida.

Tukaanza kuandika kadi zetu. Eleza kitu kilichoharibika na jinsi ulivyokitengeneza. Eleza mtu unayemjua anayejua kuuza. Eleza kelele inayokuamsha asubuhi. Mtahini hatatoa kadi hizi hizi, najua. Lakini kadi za mtihani huwa zinahusu mtu, mahali, kitu, tukio. Na mwenye kujua kumweleza fundi simu wa hapa jirani, anaweza kueleza mtu yeyote anayemvutia.

Yule dada wa ufukweni akapata kadi ya mtu anayejua kuuza. Akaeleza mandazi ya mama yake. Kwanza alikwama, maana hakujua kusema kukanda, hakujua hamira, hakujua kuumuka. Tukatafuta maneno hayo pamoja. Wiki iliyofuata akarudia: mama anavyoamka saa kumi usiku, anavyowapa mkopo walimu mpaka mwisho wa mwezi lakini si mafundi, na kwa nini. Nikamwuliza swali la sehemu ya tatu: kwa nini watu huanzisha biashara ndogo badala ya kutafuta ajira? Hakuuliza ajibu kama nani. Alijibu dakika nzima, akatoa sababu mbili, akapinga moja yake mwenyewe.

Na hapo makosa ya kweli yakaonekana, yale ambayo ufukwe ulikuwa unayaficha. Mama yake alikuwa “he” kisha “she” kisha “he” tena. Si ujinga. Kiswahili kina “yeye” mmoja kwa wote, kwa hiyo ulimi wetu haujazoea kumgawa mtu kabla ya kumtaja. Sisi tuliosoma Kifaransa kwanza tuna letu: tunasema tume-“assist” mkutano, tukimaanisha tumehudhuria, kumbe kwa Kiingereza tumesaidia kuuendesha. Mtu anayekariri hakosei makosa haya, kwa hiyo hayatibiwi. Yanakuja kumkuta mbele ya mtahini.

Grafu nazo tunazo. Wengi huogopa kazi ya kwanza ya kuandika, wakati tunapita kila siku mbele ya mbao za matangazo zilizojaa majedwali: watoto waliochanjwa, ratiba ya mgao, lita za maji. Sasa tunakwenda na daftari, tunaeleza kilichopanda, kilichoshuka, na kilichobaki palepale. Kwa ramani tunachora Kakuma yenyewe: ilianza 1992, ikakua mpaka Kakuma 4, halafu Kalobeyei ikaongezeka. Zoezi la kitabuni hutoa kijiji fulani kabla na baada ya kujengwa barabara. Letu ni hilo hilo, ila tunajua nani alihamishwa.

Nisionekane kama nakitupa kitabu chote. Zile makala za kusoma juu ya nyuki na historia ya kioo nazipenda, na vijana wanazipenda. Hakuna sababu mkimbizi asome habari za wakimbizi tu. Kusoma ni kutoka nje. Ninachokataa ni kutoka nje halafu kusahau kurudi na sauti yako.

Wanaosema ni mlango tu

Mwenzangu ninayemheshimu sana ananipinga. Anasema: “Mtihani si kioo cha kujitazama, ni mlango. Wape funguo wapite, mambo ya sauti watayajua huko chuoni.” Ana hoja, maana mlango wenyewe ni mwembamba. Kwa hesabu za UNHCR, kuna wakati ni 1% tu ya vijana wakimbizi waliokuwa wanapata elimu ya juu. Baadaye ilipanda mpaka karibu 7%, na lengo ni 15% ifikapo 2030. Katika hali hiyo anayechelewesha watu kwa falsafa anakosea.

Jibu langu ni kwamba funguo zile zilivunjikia kwenye kufuli. Zangu zilivunjika. Na hata anayepita kwa kukariri atakutana na mwalimu wa chuo atakayemwuliza anafikiri nini.

Kwenye jambo moja tunakubaliana: upande wa mlango wenyewe, lawama si ya vijana. Ada ya mtihani kwa posho yangu ni jasho la miezi kadhaa. Kituo kiko mbali, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Pale mlangoni wanataka pasipoti. Hati ya kusafiria ya mkimbizi ipo kisheria, lakini kuipata ni safari nyingine. Na matokeo yanahesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu. Ile 6.5 yangu imeshakufa, ingawa Kiingereza changu kiko hai. Kuna mitihani ya kufanyia nyumbani kwa kompyuta, kama ule wa Duolingo, na ada yake ni ndogo zaidi. Lakini unataka intaneti isiyokatika na chumba kimya ambacho hataingia mtu mwingine mpaka umalize. Chumba hicho kiko blok gani, anayekijua aniambie.

Tunachoomba

Kwa ndugu zetu wa mashirika, hatuombi mengi kupitia karatasi hii. Tunaomba saa moja. Njooni jioni moja mkae upande wa mtahini, mtuulize maswali kwa lafudhi zenu, za Nairobi, za Dublin, za Manila, zozote. Mkiuliza nyumbani ni wapi, kubalini jibu fupi na mwende mbele. Na matangazo ya zamani yenye grafu, msiyachome. Tupeni.

Kwa vijana wenzangu: kwenye kurasa tupu za mwisho za kitabu kile tumeandika kadi arobaini kwa penseli. Ya kwanza inasema, eleza mtu anayejua kuuza. Tunakutana Jumanne na Alhamisi baada ya swala ya magharibi. Njoo na daftari, na ikiwezekana njoo na tochi, kwa sababu betri ya sola inaisha kabla sisi hatujamaliza kuongea.